Watazamaji wa Mapigano: toka Pompei hata Kinshasa



Kuna neno moja ambalo wakristu wetu wanapenda kulisema wanapotoka kutazama mapigano, yawe ya ngumi, yawe ya mieleka: «Mimi nilitazama tu.» Mutu alipiga makelele hata sauti ikakauka, alitukana mupiganaji asiyemujua wala yeye wala ukoo wake, labda alirusha chupa, labda alirudi nyumbani na shati iliyopasuka. Lakini ukimuuliza alifanya nini, atajibu ya kama yeye hakufanya kitu, wenye kupigana walikuwa wale wawili. Katekista mumoja aliniuliza namna ya kumujibu mutu wa namna ile, maana katekismo inasema juu ya kuua, kupiga na kutukana, lakini haisemi neno juu ya kuketi ku kiti na kutazama. Nilimwambia ya kama jibu linapatikana vilevile katika historia, tena historia ndefu, na sehemu yake iliyo nzuri kupita zote iliandikwa na watu wa Afrika. Katika masomo ya seminari tunapita juu yake mbio mbio. Tunasoma habari za wale waliokufa chini, katika muchanga wa uwanja. Tunasahau wale waliokuwa wameketi juu.

Tuanze na Pompei, muji wa kusini ya Roma, ku miguu ya mulima Vesuvio. Ulikuwa na amfiteatro ya mawe iliyojengwa karibu na mwaka wa 70 mbele ya Kristu, ya zamani kupita zote za mawe zinazojulikana. Fasi za kuketi zilikuwa karibu 20,000. Wenyeji wa muji peke yao hawakuweza kuijaza. Ilijengwa kusudi watu wa miji ya jirani waje vilevile. Mwaka wa 59 nyuma ya Kristu, mutu aliyeitwa Livineius Regulus, aliyekwisha kufukuzwa katika Senato ya Roma, alitoa pale mapigano ya magladiatori. Watu wa Nuceria, muji wa jirani, wakaja kutazama. Tacitus, mwandishi wa historia ya Roma, anaeleza namna mambo yalivyopanda ngazi kwa ngazi: kwanza matusi, ndiyo desturi ya miji midogo, kisha mawe, mwishoni chuma. Wenyeji walikuwa na nguvu zaidi, na wageni wakapata mabaya. Wengi wa Nuceria walichukuliwa hata Roma wakiwa na viungo vilivyokatwa, na wengine walilia watoto wao ao wazazi wao waliokufa.

Tusipite upesi juu ya lile neno «chuma». Jiwe mutu anaweza kuliokota pale pale. Upanga hauokotwi chini ya kiti. Mutu ameuleta toka nyumbani, ameuficha katika nguo, amekuja nao ku muchezo. Miaka miwili mbele ya siku ile, Nero alikuwa amewaweka askari wazee kama wakaaji wapya ku Nuceria, na wenye elimu wanafikiri ya kama mambo ya mashamba yalikuwa yamekwisha kutia uchungu kati ya miji ile miwili. Wapiganaji waliwapa watu fasi na saa ya kutoa kile walichokuwa nacho moyoni zamani. Na neno lingine: Tacitus hatuambii jina la gladiatori hata mumoja wa siku ile. Hatujui nani alishinda. Walioingia katika kitabu ni watazamaji.

Hukumu ilizunguka sana. Nero aliipeleka kwa Senato, Senato kwa makonsuli, kisha ikarudishwa kwa Senato. Mwishoni watu wa Pompei wakakatazwa mikutano ya namna ile kwa miaka 10, vyama vyao vilivyoundwa bila ruhusa vikavunjwa, Livineius na wenzake waliochochea fujo wakahamishwa. Vesuvio ikafunika muji wote mwaka wa 79. Mwaka wa 1869 wenye kuchimba walikuta, ku ukuta wa nyumba moja, picha ya ile siku: amfiteatro inaonekana toka juu, na pande zote, ndani na inje, watu wadogo wadogo wanapigana na kukimbizana. Leo picha ile inalindwa ku Napoli, katika nyumba ya vitu vya zamani. Nafikiri inasema zaidi kuliko Tacitus. Mwenye nyumba ya Pompei alilipa fundi kusudi amuchoree siku ile ku ukuta wake, akaitazama kila siku alipoingia na alipotoka. Mutu hachori haya yake ku ukuta. Yeye aliiona kuwa sifa.

Sasa, mutu ataniambia: ile ilikuwa fujo, haikuwa desturi, siku zingine watazamaji walipiga makelele tu. Kweli. Lakini tutazame makelele yale yalifanya kazi gani.

Gladiatori akianguka ao akichoka, aliinua kidole kuomba aachiliwe. Aliyekata neno alikuwa tajiri ao mukubwa wa serkali aliyetoa muchezo. Lakini mutu yule alitoa muchezo kwa kutafuta sifa na mapendo ya watu. Basi kabla ya kukata neno aliinua macho, akasikiliza. Watu walilia «Mitte!», maana yake mwachilie, ao walilia «Iugula!», maana yake muchinje. Ku sinema wanatuonyesha kidole gumba kikielekea chini. Wenye elimu hawapatani kama kilielekea chini ao juu, na kwetu si kitu. Sauti inatosha. Tena tusifikiri ya kama kila aliyeshindwa alikufa. Wengi waliachiliwa, kwa sababu mupiganaji aliyefundishwa vizuri alikuwa mali. Na ndipo tunapokuta maneno ya Gaius, mwalimu wa sheria wa karne ya 2, ambayo mimi siwezi kuyasahau. Anawaeleza wanafunzi wake jambo la sheria: mutu amepokea magladiatori kwa mapatano ya denari 20 kwa kila mumoja atakayerudi muzima, na denari 1,000 kwa kila mumoja atakayeuawa ao kuvunjika. Je, mapatano haya ni ya kukodisha ao ya kuuzisha? Jibu lililokubaliwa na wengi: yule aliyetoka muzima alikodishwa, yule aliyeuawa aliuzwa.

Basi mutu mumoja aliingia mu uwanja asubuhi bila kujua kama yeye ni wa kukodishwa ao wa kuuzwa, na waliokata neno lile, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu waliolipa pengine bure, wameketi katika kivuli cha turubai, wanakula matunda. «Iugula» moja ilimupandisha mwenye muchezo toka denari 20 hata 1,000, naye alikubali kulipa kusudi watu wasikasirike. Tunaweza kusema bado ya kama walitazama tu?

Wapagani wenyewe waliona hatari. Seneca, mwalimu wa Nero, anamwandikia rafiki yake Lucilius ya kama aliingia siku moja saa ya muchana, akitumaini kupata michezo ya kuchekesha. Akakuta wanaua wahalifu, bila ngao, bila kofia ya chuma, na watu wanapenda ile kuliko mapigano ya wafundi. Asubuhi watu walitupiwa wanyama; saa ya muchana, anasema, walitupiwa watazamaji. Na kisha anaongeza neno la kushangaza: yeye Seneca, mutu wa hekima, alirudi nyumbani akiwa mukali zaidi kuliko alivyotoka, kwa sababu alikaa kati ya watu.

Sasa tuje kwetu Afrika, ku Kartago. Karibu na mwaka wa 200, Tertullianus aliandika kitabu chake De spectaculis. Ni kitabu kikali, na si yote ndani yake ya kufuata: ku mwisho anawaahidi wakristu muchezo mukubwa kuliko yote, ndio kuona maadui wa Mungu wakiungua siku ya hukumu, na anaonekana kuufurahia mbele ya wakati. Nasema wazi ya kama pale yeye mwenyewe ameketi mu amfiteatro. Lakini alitazama watazamaji vizuri kuliko wengi. Aliona ya kama mutu yule yule anayeogopa maiti ya mutu aliyekufa kwa ugonjwa anakuja kutazama miili iliyopasuliwa bila kufumba jicho; na yule anayetaka mwuaji ahukumiwe ndiye anayelia gladiatori asiyetaka kuua apigwe fimbo hata aue.

Miaka michache tu nyuma yake, tarehe 7 Machi 203, ku Kartago hiyo hiyo, waliuawa Perpetua na Felisita na wenzao. Majina yao tunayasikia katika Misa, katika Kanuni ya Roma. Someni tena habari ya mateso yao, lakini mara hii mutege masikio kwa watu waliokaa juu. Kwanza wanakasirika, kwa sababu mashahidi wa imani wamemutisha liwali Hilarianus kwa hukumu ya Mungu. Wanaomba wapigwe mijeledi, na wanapewa. Kisha wanawake wawili wanaletwa uchi, wamefungwa katika nyavu, na watu wanashituka: mumoja ni musichana laini, mwingine amezaa juzi, na maziwa yake yanatiririka. Wanarudishwa, wanavikwa nguo. Nyuma ya kupigwa na ngombe mukali, ugumu wa watu unalegea, na wale wawili wanapitishwa kwa mulango wa wazima. Saa ile ile Saturus anaumwa na chui, damu inamumwangikia kama maji, na watu wanamusalimia kwa salamu ya mabafu, ile ya kumwambia mutu ya kama ameoga vizuri. Wanacheka. Ku mwisho wanaomba wote waletwe katikati, kusudi macho yao yaone upanga ukiingia. Na mashahidi walisimama wenyewe, wakaenda pale watu walipotaka.

Huruma, kicheko, huruma, upanga: yote katika muchana mumoja, kwa watu wale wale. Wahubiri wengi wanasema ya kama watazamaji wa Kartago walikuwa wanyama. Hapana. Wanyama hawashituki kwa kuona maziwa ya mama. Walikuwa watu kama sisi, na huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na mizizi. Iliamushwa na jicho, ikaondolewa na jicho. Musongano wa watu hauna kumbukumbu ya kile ulichosikia moyoni nusu saa mbele.

Nyuma ya miaka karibu 180 tunamukuta Alypius, rafiki wa Mutakatifu Augustino. Nitakaa hapa kidogo, maana sijui ukurasa mwingine wa Mababa wa Eklezia ulioeleza jambo hili vizuri hivi. Alypius alikuwa mutoto wa wakubwa wa Tagaste, muji wa Augustino mwenyewe, katika inchi tunayoiita leo Algeria. Alipokuwa mwanafunzi ku Kartago alipenda sana mashindano ya farasi mu sirko, na baba yake alikuwa amekosana na Augustino. Siku moja Augustino, akifundisha, alitoa mufano wa sirko kwa kucheka wale wanaofungwa na upuuzi ule, hakumufikiria Alypius. Kijana akafikiri neno ni lake peke yake. Hakukasirika. Aliacha sirko.

Basi si kijana mubaya tunayemukuta ku Roma, pale alipotangulia kwenda kusoma sheria. Ni mutu aliyekwisha kushinda mara moja, na mapigano ya magladiatori aliyachukia. Rafiki zake na wanafunzi wenzake wakamukuta njiani wakitoka kula, wakamukokota kwa nguvu ya urafiki. Mafratri wanaijua nguvu ile: haina fimbo, ina kicheko na mukono juu ya bega. Aliwaambia ya kama wanaweza kuupeleka mwili wake na kuuketisha, lakini macho yake na roho yake hawatavipata. Akaketi, akafunga macho. Katika mapigano mutu akaanguka, na watu wote wakapiga kelele moja kubwa. Augustino anasema: laiti angefunga na masikio! Alypius alifungua macho kusudi aone tu ni nini, akiwa tayari kuidharau. Alipoona damu hakugeuka. Alikunywa ukali pamoja nayo bila kujua. Akatazama, akalia, akawaka. Hakuwa tena yule aliyekuja, alikuwa mumoja wa wale aliokuja kwao. Tena aliporudi alichukua pamoja naye hamu ya kurudi, si pamoja na waliomukokota tu, bali mbele yao, akiwakokota na wengine.

Ndugu mafratri, tuangalie mulango ule ulioingiliwa. Damu ilikuja nyuma. Mbele ya damu ilikuja kelele. Alypius alikuwa ametayarisha macho yake, na musongano wa watu ukaingia kwa sikio. Mutu akiwa peke yake mbele ya maiti, anaweza kugeuza uso. Akiwa kati ya maelfu wanaosimama pamoja, mwili wake umesimama kabla hajakata neno. Ndiyo sababu Augustino haoni kosa la kwanza katika kufungua macho. Analiona katika maneno yale mazuri ya njiani, pale Alypius alipotegemea nguvu yake mwenyewe. Alipona nyuma ya muda murefu, akabatizwa pamoja na Augustino ku Milano, Pasaka ya mwaka wa 387, akawa askofu wa Tagaste.

Tutazame tarehe. Karibu na mwaka wa 383, kijana anakokotwa ku magladiatori katika Roma ya wafalme wakristu. Je, sheria ilikuwa wapi? Sheria ilikuwako. Mwaka wa 325, mwaka wa Konsili ya Nisea, Konstantino aliandika toka Beiruti ya kama michezo ya damu haimupendezi, na wahalifu wasihukumiwe tena kuwa magladiatori, wapelekwe ku machimbo. Lakini Konstantino yule yule, ku mwisho wa utawala wake, aliwapa watu wa Hispellum, muji wa Umbria, ruhusa ya kuwa na mapigano ya magladiatori. Mwaka wa 365 Valentiniano alikataza mukristu asihukumiwe kupelekwa kwa magladiatori; maana yake asiye mukristu aliweza kupelekwa bado. Wafalme walijua ni nani waliowaogopa. Hawakuwaogopa wapiganaji, waliokuwa wachache na watumwa. Waliwaogopa wale wa juu.

Aliyewashukia wale wa juu alikuwa mutawa, jina lake Telemachus. Theodoretus, askofu wa Kiro katika Siria, anaeleza ya kama alitoka Mashariki, akafika Roma, akashuka mu uwanja kutenganisha wapiganaji. Watazamaji wakakasirika kwa kunyimwa muchezo wao, wakamuua kwa mawe. Mufalme Honorio aliposikia, akamuhesabu kati ya mashahidi wa imani na kukomesha mapigano yale. Kwa desturi jambo hili linawekwa mwaka wa 404. Wengine wanalirudisha mwaka wa 391. Mapadri wazee wanakumbuka ya kama Martirologio ya Roma ya zamani, ku tarehe 1 Januari, ilimutaja Almachius, aliyeuawa na magladiatori kwa amri ya Alypius, mukubwa wa muji. Yule si Alypius wetu, ni jina tu. Wengi wanafikiri Almachius na Telemachus ni mutu mumoja. Lakini tazameni tofauti: katika habari moja aliuawa na magladiatori, katika nyingine na watazamaji. Mimi nafuata Theodoretus, aliyekuwa karibu na wakati ule. Nafikiri vilevile ya kama rahisi ilikuwa kuwatupia kosa magladiatori. Mutu anayeketi anapenda kusikia ya kama waovu wako chini.

Juu ya karne zinazofuata nitasema machache, maana zinarudia jambo lile lile. Konsili ya pili ya Laterano mwaka wa 1139 na ya tatu mwaka wa 1179 zilikataza mashindano ya wapanda farasi wenye mikuki, na aliyekufa ndani yake alinyimwa maziko ya Eklezia, ingawa hakunyimwa kitubio. Papa Yohane XXII akaondoa katazo lile mwaka wa 1316. Mutakatifu Pio V alikataza mapigano ya watu na ngombe dume mwaka wa 1567, na Gregorio XIII akalegeza amri ile kwa walei wa Hispania mwaka wa 1575. Kila mara sheria ilitoka Roma, na kila mara wale wa juu waliichosha.

Tufike Kinshasa. Katika muji ule kuna uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël, jina la Padri Raphaël de la Kethulle, mumisionari wa Scheut, aliyefika pale mwaka wa 1917 na kuwapa vijana masomo, mupira na vyama vya michezo. Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1952 kwa jina la mufalme Baudouin. Wenye nia njema waliujenga, na hilo ni la kukumbuka, maana Tertullianus angetaka usijengwe kamwe, na mimi sioni ya kama alikuwa na haki. Tarehe 4 Januari 1959 watazamaji wa mupira walitoka katika uwanja ule wakiwa na uchungu wa kushindwa kwa timu yao, wakakutana inje na watu wa ABAKO waliokatazwa mukutano wao, na fujo ikashika muji. Waliokufa walikuwa karibu 50 kwa hesabu ya serkali, na wengine wanasema walikuwa wengi zaidi. Mupira haukuleta fujo ile. Iliyoileta ni ukoloni na vijana wasio na kazi. Lakini ni kama ku Pompei: chuma kilikuwa kimekwisha kuwa moyoni, uwanja ulitoa watu na saa.

Katika uwanja ule ule, uliokuwa ukiitwa wakati ule 20 Mai, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi tarehe 30 Oktoba 1974. Mapigano yalikuwa yamewekwa kwanza tarehe 25 Septemba, yakaahirishwa kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi. Kila mumoja aliahidiwa dola milioni 5. Yalianza karibu saa kumi ya usiku, kusudi watu wa Marekani waone katika saa zao. Watazamaji walikuwa karibu 60,000. Na kilio chao dunia yote inakijua hata leo: «Ali, boma ye!» Sisi wa upande wa mashariki, hata tusiposema Kilingala vizuri, tunalijua neno hili: Ali, umuue.

Iugula. Boma. Ni neno moja. Je, ni jambo moja? Nimesikia mapadri wawili wakibishana juu yake, mumoja akisema ni ushenzi mutupu, mwingine akisema ni wimbo wa furaha tu. Wote wawili wanakwenda upesi. Waliolia hawakutaka maiti. Walimuona Ali, aliyenyanganywa cheo chake mwaka wa 1967 kwa kukataa kwenda katika vita vya Vietnam, aliyekimbia asubuhi katika barabara zao na kuongea nao, na katika ushindi wake walitafuta heshima yao wenyewe. Hilo si dhambi. Lakini Foreman alikuwa nani? Kijana wa miaka 25, muzao wa watumwa waliotolewa Afrika sawa Ali mwenyewe. Hakuwakosea neno. Alikuja na mbwa wa aina ile askari wa Kibelgiji walioitumia zamani, na watu wakaona ndani ya mbwa yule mambo ambayo mwenye mbwa hakuyajua. Basi mudeni wa Wakongo alikuwa mwingine, na kilio kikamuangukia yeye. Watu wa Pompei walifanya vile vile: mugeni aliyeketi karibu alilipa deni la mashamba.

Katika raundi ya 8 Ali, aliyekuwa ameegemea kamba muda murefu akiacha mwenzake achoke, alimupiga Foreman ngumi za mwisho. Foreman alianza kuanguka polepole, akizunguka, akimupitia Ali karibu kabisa. Filamu ingali iko. Mwenye kutaka aitazame. Mukono wa kuume wa Ali uko tayari, umevutwa nyuma, kichwa cha Foreman kiko mbele yake, na uwanja muzima unalia auawe. Ali anazunguka naye, anamutazama, na ngumi ile haitoki. Foreman alifika chini, akahesabiwa. Aliacha ngumi mwaka wa 1977, akawa muhubiri wa Injili. Kisha akazirudia, akatwaa cheo tena mwaka wa 1994 akiwa na miaka 45. Ali alikufa mwaka wa 2016, Foreman mwaka wa 2025. Walikuwa wamekuwa marafiki.

Katika maparokia mengi vijana wanakusanyika kutazama ngumi na mieleka, mu viwanja ao mbele ya televizio ya bare, na kuwakataza peke yake hakutafika mbali kuliko kulivyofika katika siku za Konstantino. Ukurasa wa Alypius uko katika Maungamo, kitabu cha 6, sura ya 8. Ni mufupi sana. Katekista anaweza kuwasomea vijana kwa Kiswahili chepesi siku mbele ya muchezo, na kuwauliza ni saa gani, kwa mawazo yao, Alypius alianza kuanguka. Nimeona wanabishana sana juu ya ulizo lile, na wengi hawasemi ni pale alipofungua macho.